Joto la karakana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuvaa na kujipoza

Ukurasa huu ni wa yeyote anayeshinda karakana wakati wa joto kali: seremala, mchomeleaji, fundi makenika, au mtu mwenye meza yake ya kazi kwenye banda nyuma ya nyumba. Nyuzijoto zote zilizotajwa ni za Selsiasi. Kama mbele yako sasa hivi yuko mtu aliyezidiwa na joto, usisome kwa mpangilio. Shuka moja kwa moja hadi swali la mwisho.

Mbona ndani ya karakana kuna fukuto kuliko nje kivulini?

Joto linaingia kwa njia tatu na mara nyingi halina pa kutokea. La kwanza ni paa. Bati likipigwa na jua linakuwa kama jiko lililotundikwa juu ya utosi wako. Linarusha joto chini kwa mnururisho, na mnururisho hausubiri hewa ipate moto kwanza, unapiga kichwa na mabega moja kwa moja. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma 33 huku wewe unahisi joto kubwa zaidi ya hilo.

La pili ni mitambo. Umeme karibu wote unaoingia kwenye mota huishia kuwa joto humohumo chumbani, iwe kwenye koili, kwenye mkanda au kwenye ubao unaokatwa. Mota inayovuta kilowati 2 kwa saa nzima imeacha joto sawa na hita ya kilowati 2. Kompresa ni mfano mbaya zaidi, kwa sababu huwaka na kuzima siku nzima pembeni bila mtu kuikumbuka. La tatu ni nyinyi wenyewe: mtu anayefanya kazi ya wastani hutoa joto la wati 300 hivi. Mafundi sita ni wati 1,800.

Kwa hiyo kabla hujafikiria shati wala feni, punguza vyanzo. Toa kompresa nje na uijengee kibanda chenye upepo. Zima kila kinachozunguka bila kazi. Fungua njia ya hewa moto juu kabisa, karibu na kilele cha paa, kwa kuwa hewa moto hupanda na kama haina tundu hujilundika mpaka inafika usawa wa uso wako.

Nina pesa ya kurekebisha jambo moja tu. Nianzie wapi?

Paa. Rangi nyeupe au nyangavu juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, na ukiweza kuongeza dari au karatasi ya alumini chini ya bati, ukaacha nafasi ya hewa katikati, utahisi tofauti siku hiyohiyo. Feni kubwa chini ya bati tupu lililoungua ni kuzungusha tu hewa ya moto.

Mwili unajipoza vipi, na nguo zinaingia wapi?

Ukilielewa hili, mengi yanayofuata utayakisia mwenyewe. Ngozi ya mtu aliye kwenye joto huwa na nyuzijoto 35 hivi. Hewa ikiwa na ubaridi kuliko hapo, mwili huliachia joto hewani bila taabu. Hewa inapokaribia 35, mlango huo unajifunga, na kinachobaki ni jasho peke yake.

Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwa hesabu hiyo, yule fundi wa wati 300 akitegemea jasho tupu anahitaji kukausha karibu nusu lita kila saa. Tilia mkazo neno kukausha. Jasho linalodondoka kwenye meza, linalotiririka hadi kwenye soksi, au linalokamuliwa kutoka kwenye ovaroli, limekupunguzia maji bila kukupoza hata kidogo. Mtu aliyelowa chepechepe anaweza kuwa anapata moto ndani kwa ndani wakati anaamini mwili unafanya kazi yake.

Jasho hushindwa kukauka kwa sababu tatu: hewa imejaa unyevu, hewa imetulia tuli, au nguo imeziba. Ya kwanza huna mamlaka nayo sana. Mbili za mwisho ni zako kabisa, na nguo ndiyo rahisi kuliko zote.

Nivae kitambaa gani?

Hapa watu hubishana sana, na wengi wa wanaobishana wanazungumzia karakana tofauti bila kujua. Jiulize swali moja kwanza: je, kuna cheche, moto au chuma cha moto mahali ninapofanya kazi?

Kama vipo, jibu ni pamba tupu, au pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, au sufu nyepesi, au ngozi pale panapohitajika. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hadi 260 hivi, na nailoni huyeyuka kati ya 215 na 265 kulingana na aina yake. Cheche ya grainda au tone la chuma linalotoka kwenye mshono wa kuchomelea lina joto linalozidi hapo mara kadhaa. Pamba ikiguswa na cheche hutoboka na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka, hunata kwenye ngozi, na jeraha linakuwa baya kuliko lile ambalo cheche yenyewe ingelifanya. Soma lebo ya ndani ya shati, pamoja na ya nguo za ndani na soksi. Nimewaona watu wenye koti zuri la kuchomelea wakiwa wamevaa fulana ya michezo chini yake, na koti huwa na shingo iliyo wazi.

Kama hakuna moto wala cheche, uwanja ni mpana. Pamba hunywa maji: hata ikiwa kavu kwa kuigusa, hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, kitani kama 12, sufu kama 16, na poliesta chini ya nusu asilimia. Maana yake ni kwamba shati la pamba likilowa, linabaki limelowa, linakuwa zito na linaganda mgongoni. Poliesta ya michezo iliyofumwa kwa matundu hainywi jasho bali hulitandaza, na likitandazwa hukauka upesi. Kwa kazi ya kupangilia, kuunganisha na kupiga msasa kwa mkono, nguo za namna hiyo zinafaa. Lakini hunuka haraka, na siku nikijua kuna uwezekano wa kushika grainda hata dakika tano, sizivai.

Chaguo langu la kila siku ni shati la pamba jepesi lililofumwa wazi, na shati la pili linaloning'inia ukutani. Saa ya mapumziko ya mchana navua lililolowa na kuvaa kavu. Hakuna kitambaa cha gharama kilichonisaidia kuliko shati la pili.

Nguo iwe ya kubana au ya kupwaya?

Kwa ajili ya joto, ya kupwaya: kila ukisogea, nguo pana husukuma hewa yenye mvuke nje na kuvuta hewa kavu ndani. Kwa ajili ya mashine, ya kubana. Mgongano huu ni wa kweli na suluhisho lake si kukutana katikati. Pwaya kifuani, mgongoni na kwenye mapaja; bana kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na kwenye miguu ya suruali. Shati liingizwe ndani ya suruali au lifungwe. Upana uwe mahali ambapo mashine haifiki.

Mikono mirefu au mifupi?

Inategemea unachoshika, na katika siku moja jibu linaweza kubadilika mara mbili.

Kwenye mashine ya kukereza, drili ya kusimama na chochote kingine chenye mhimili unaozunguka, mkono mfupi unaoishia juu ya kiwiko ni salama kuliko mrefu uliolegea. Kitambaa kikishikwa na mhimili hakichaniki na kukuachia. Kinajisokota na kukuvuta, na kasi yake haikupi nafasi ya kufikia swichi. Kukunja mikono mirefu kunakubalika tu ikiwa imekunjwa kwa kubana na haiteremki. Kwenye mashine hizohizo usivae glavu, pete, saa wala mnyororo wa shingoni, hata kama mkono unatoa jasho na unateleza. Mkono ukiteleza, simamisha mashine uufute.

Kwenye grainda, kwenye kuchomelea na kwenye kemikali, mikono mirefu haina mjadala. Joto la nyuzi 38 si sababu.

Kaptula je? Na viatu vya wazi?

Kaptula kwa kazi ya mezani yenye zana za mkono, sawa. Kwa cheche, kemikali au mbao nzito, hapana.

Viatu vya wazi havina mahali karakana, hata dakika tano za kwenda kuchukua tupa. Badala ya kupunguza kiatu, badilisha soksi. Soksi nyembamba zinazobadilishwa saa sita mchana hupoza mguu na kuukinga na fangasi kuliko kiatu kilichotobolewa. Ukiwa na jozi mbili za buti, zivae kwa zamu, siku moja hii na siku moja ile, ili kila moja ipate muda wa kukauka hadi ndani.

Ninachomelea. Hakuna namna ya kupunguza hayo manguo?

Ipo, ila si kwa kuacha ngozi wazi. Mwanga wa tao la umeme una mionzi ya urujuanimno inayobabua ngozi kama jua kali, kwa muda mfupi zaidi, na hupenya kitambaa chembamba kilichochakaa. Kidevu, shingo na kiwiko ndivyo huungua kwa watu waliotafuta upepo.

Cha kufanya ni kuweka ngozi nzito pale tu inapohitajika. Kwa kazi ya mezani, mikono ya ngozi inayounganishwa kwa mikanda mgongoni pamoja na aproni huacha mgongo wote uwe na shati la pamba peke yake. Yapo pia makoti yenye mikono ya ngozi na kiwiliwili cha pamba iliyotiwa dawa ya moto. Kwa siku za joto ni bora kuliko koti zima la ngozi. Kwa kuchomelea juu ya kichwa unahitaji kufunikwa kamili, hivyo kazi ya namna hiyo ipeleke asubuhi na mapema.

Feni iweke pembeni yako, ipitishe hewa kati ya uso wako na moshi, isiusukume moshi usoni. Kama unatumia gesi ya kinga, upepo ukiwa mwingi huifukuza gesi na mshono unajaa vitundu. Sogeza feni mbali au weka kizuizi kidogo mpaka mshono utulie.

Na jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: jasho hupunguza sana ukinzani wa ngozi kwa umeme. Glavu iliyolowa, shati lililolowa linalogusa chuma unachochomelea, na kubadilisha elektrodi kwa mkono mtupu wenye jasho ni njia ya shoti. Wakati wa joto kuwa na jozi mbili au tatu za glavu, na vaa kavu kila unapoanza kipande kipya. Usikae wala kulala juu ya chuma bila ubao mkavu au mkeka wa mpira chini yako.

Feni niiweke wapi?

Feni haipoozi hewa, inakausha jasho. Kwa hiyo inafaa pale tu inapogusa ngozi au nguo iliyolowa, na haina maana kuiacha inapiga ukuta. Weka moja ikupige kutoka pembeni au nyuma, chini kidogo ya mabega, na nyingine kwenye upande wa juu wa ukuta mwingine ikitoa hewa nje. Hewa iingie chini upande wa kivuli na itoke juu upande wa jua.

Shirika la Afya Duniani linashauri kutumia feni pale joto likiwa chini ya nyuzi 40 tu. Juu ya hapo hewa inayokupiga inaongeza joto mwilini kuliko jasho linavyoliondoa. Siku kama hiyo feni haikuokoi, kinachohitajika ni maji juu ya ngozi, kivuli, na kusimamisha kazi nzito.

Tatizo kubwa la feni kwa maseremala ni vumbi. Feni inayopiga msumeno wa meza huyatandaza maranda laini chumba kizima, na yale yasiyoonekana kwa macho ndiyo yanayoingia ndani kabisa ya mapafu. Washa kifyonza vumbi kwanza, elekeza feni kwako badala ya kwenye ubao, na fagia kwa kifyonzi badala ya ufagio mkavu.

Kipoza hewa cha maji kinafaa?

Mahali pakavu, sana. Mahali penye unyevu, hapana, na kinaweza kufanya hali iwe mbaya kwa sababu kinaongeza mvuke hewani na jasho lako linakosa pa kwenda. Hata pakavu, acha dirisha wazi upande wa pili ili hewa yenye unyevu ipite itoke. Kumbuka pia vyuma vyako na mbao zako: meza ya msumeno iliyosubuliwa kwa chuma itashika kutu, na mbao zilizokauka zitavuta unyevu na kuvimba. Usikiweke kwenye chumba cha stoo ya mbao.

Ninywe maji kiasi gani?

Glasi moja, kama mililita 250, kila dakika 15 hadi 20 wakati unafanya kazi kwenye joto, bila kungoja kiu. Kiu huchelewa. Usivuke lita 1.5 kwa saa, kwani maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Mkojo wa rangi ya njano iliyopauka ni dalili nzuri. Ukiwa wa kahawia au hujauona tangu asubuhi, umechelewa.

Chumvi nyingi unayopoteza hurudi kwa chakula cha kawaida, kwa hiyo usiruke mlo wa mchana kwa kisingizio cha joto. Vidonge vya chumvi sivishauri. Kama unatoka jasho jingi kwa saa nyingi, maji yenye chumvi na sukari yanafaa: katika lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Kahawa au chai kidogo haina ubaya kwa aliyeizoea. Pombe, hata ya usiku uliopita, inakuanzisha siku ukiwa na upungufu wa maji. Na zipo dawa zinazopunguza uwezo wa mwili kuhimili joto, zikiwemo za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za mzio na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiziache, muulize aliyekuandikia namna ya kufanya kazi ukiwa unazitumia.

Miwani inapata ukungu na barakoa inanikosesha hewa. Nivue?

Usivue. Najua jinsi inavyokera, na najua kwamba majeraha ya macho hutokea hasa katika zile sekunde ambazo mtu ameinua miwani apanguse uso.

Ukungu hutokea mvuke wa pumzi na jasho unapokutana na kioo. Chagua miwani iliyoachana kidogo na uso na yenye matundu pembeni, funga kitambaa cha kunyonya jasho juu ya nyusi, na bana kile kiwaya cha barakoa vizuri puani ili pumzi isipande. Tone la sabuni ya maji lililopakwa kwenye kioo na kupanguswa bila kuoshwa hukinga ukungu kwa muda.

Barakoa iwe na vali ya kutolea pumzi. Tofauti yake wakati wa joto ni kubwa. Iliyolowa jasho hubadilishwa, kwani huziba na haishiki uso. Ikiwa unapiga msasa au unachomelea kila siku, weka akiba polepole ununue kofia yenye kipulizo kinachosukuma hewa iliyochujwa usoni. Hukinga mapafu na kukausha uso kwa wakati mmoja.

Kwa masikio, hamia kwenye vizibo vya ndani badala ya vile vikubwa vinavyofunika sikio zima. Nawa mikono kabla ya kuviweka.

Taulo la maji shingoni linasaidia? Na zile fulana za barafu?

Taulo linakupa nafuu ya hisia kuliko nafuu ya mwili: shingo inapoa, joto la ndani linabaki palepale karibu. Hiyo ni hatari kwa anayelitumia ili aendelee na kazi badala ya kupumzika. Na kamwe usining'inize taulo karibu na mhimili unaozunguka.

Kinachopoza kweli wakati wa mapumziko ni kutumbukiza mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji baridi kwa dakika 10 hadi 20. Viganja vina mishipa mingi ya kupitisha joto. Wazima moto hutumia njia hii baada ya kutoka kwenye moto, na haihitaji kitu zaidi ya ndoo.

Fulana za barafu hufanya kazi, ila ni nzito na muda wake ni mfupi. Zinafaa kwa kazi fupi kali, kama kuingia karibu na tanuri.

Natokwa na vipele mgongoni na michubuko mapajani.

Vipele ni harara, vijitundu vya jasho vilivyoziba. Oga maji ya uvuguvugu au baridi mara tu baada ya kazi, vaa kikavu, na epuka mafuta mazito yanayoziba ngozi zaidi. Mapaja yanahitaji nguo ya ndani ndefu isiyo na mshono unaosugua. Wachomeleaji, iwe ya pamba.

Kwa nini siku za kwanza za joto zinaniumiza kuliko wiki za baadaye, na zenyewe si za joto zaidi?

Mwili hujifunza joto. Kwa muda wa siku 7 hadi 14 za kufanya kazi ndani yake, unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, jasho linakuwa na chumvi kidogo, na moyo unapiga taratibu zaidi kwa kazi ileile. Kabla ya hapo, fundi hodari ni sawa na mgeni.

Kanuni inayotumika na wataalamu wa afya kazini ni hii: mtu mpya kabisa afanye asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Aliyewahi kulizoea na anarudi baada ya kukaa nje ya joto aanze na 50, kisha 60, kisha 80, na siku ya nne afanye siku nzima. Wiki moja ya kukaa mbali inatosha kuanza kupoteza mazoea hayo.

Naomba wenye karakana wasome tena aya hiyo. Vifo vya joto kazini hukusanyika katika siku za mwanzo, na anayekufa mara nyingi ni kijana mpya ambaye hakutaka kuonekana mvivu. Yeye hataomba kupumzika. Mwambie akae.

Ni nyuzijoto ngapi mtu asimamishe kazi?

Kipimajoto cha kawaida peke yake hakijibu swali hili, kwa sababu hakioni unyevu wala mnururisho wa bati. Kipimo kinachotumika, kiitwacho WBGT, kilibuniwa miaka ya 1950 kwenye kambi za mafunzo ya jeshi la Marekani, kufuatia wanajeshi kuzidiwa na joto mazoezini. Kwa ndani ya jengo, huchukua asilimia 70 ya usomaji wa kipimajoto chenye utambi uliolowa na asilimia 30 ya usomaji wa kile kilicho ndani ya tufe jeusi. Vifaa vidogo vya mkononi vinavyofanya hesabu hiyo vipo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka mstari wa tahadhari kwa kipimo hicho kwenye 28 kwa kazi ya wastani na 26 kwa kazi nzito, kwa waliolizoea joto. Kwa wasiolizoea ni 26 na 23. Usizichanganye namba hizi na zile za kipimajoto cha ukutani. 28 ya kipimo hiki ni siku ya joto kali.

Huna kifaa? Panga siku kwa kutumia jua. Kukata, kuranda na kubeba viwe vya alfajiri. Kupima, kuchora, kunoa na kuunganisha viwe vya mchana. Saa mbili za mwanzo wa siku zina thamani ya nne za alasiri.

Joto linaathiri kazi yenyewe pia?

Linaathiri. Gundi nyeupe hushika haraka kabla hujabana vifungo, kwa hiyo paka sehemu ndogo ndogo. Epoksi iliyochanganywa kwa wingi kwenye kopo hujichemsha yenyewe. Vanishi na thina hutoa mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo hauhitaji moto mkubwa kulipuka. Jasho la viganja huacha alama za kutu kwenye chuma kilichosubuliwa, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo jioni.

Hapohapo kwenye kitambaa: matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata moto yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatumbukize kwenye maji ndani ya debe la chuma lenye kifuniko.

Nitajuaje kwamba mtu amezidiwa, na nifanye nini?

Hatua ya kwanza ni uchovu wa joto: jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mpeleke kivulini penye hewa, mlegeze nguo, mvue buti na aproni, mpe maji kwa mafundo madogo, mlowanishe na kumpepea. Anapaswa kupata nafuu ndani ya nusu saa. Asipopata, au akizidi kutapika, ni hospitali.

Hatua ya pili ni kiharusi cha joto, na hiyo huua kwa muda mfupi. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kushindwa. Dalili ya kuishika ni akili, si ngozi: anachanganyikiwa, anajibu visivyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, anadondoka au anapata degedege. Watu wengi wamefundishwa kutafuta ngozi kavu. Usiitegemee hiyo, anayefanya kazi nzito mara nyingi bado analowa jasho.

Nilishuhudia mwenzangu, fundi makini kuliko wote pale, akipima ubao mmoja mara tatu na kutaja namba tofauti kila mara. Tulidhani amechoka. Alipoulizwa leo ni siku gani, alitutazama tu. Alipona, kwa sababu bomba la maji lilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa.

Ukiona hivyo, mmoja apige simu ya dharura na wengine waanze kumpoza papo hapo, bila kungoja gari. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Bora kuliko vyote ni kumzamisha hadi shingoni kwenye maji ya baridi, kwenye pipa, beseni au hata turubai lililoinuliwa pembe nne, huku mtu mmoja akiwa ameshika kichwa chake juu ya maji. Kama hakuna, mmwagie maji ya bomba mfululizo mwili mzima na mpige feni. Barafu ikipatikana, ongeza kwapani, shingoni na kwenye kinena. Usimpe chochote cha kunywa ikiwa hajitambui vizuri, wala dawa za kushusha homa, kwani homa na joto hili si kitu kimoja. Endelea kummwagia maji hadi wahudumu wafike, na mtu mmoja akae naye wakati wote akimsemesha kwa jina.